Kitambulisho cha Sauti ya Kajetani

Valence aliwaambia wakae, na pa kukaa hapakuwepo. Studio ile ya redio, mtaa wa Msamala, ilikuwa chumba cha duka kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isivume, na ndani yake kulikuwa na kiti kimoja na kreti la soda. Mama Benigna akapewa kiti. Pamela, mtangazaji, akakalia kreti. Shemeji yake mama, Crispin, akabaki mlangoni kofia mkononi, uso ameukunja kama mtu aliyeburutwa kwa mganga asiyemwamini.

"Shikamoo mama," alisema Valence.

"Marahaba mwanangu. Umempata?"

Hakuuliza umeipata. Aliuliza umempata, kana kwamba mumewe marehemu alikuwa amejibanza mle ndani ya waya, anasubiri kuitwa kwa jina. Valence akageukia waya zake. Alikuwa fundi wa kompyuta, amesomea Dar es Salaam, na mjini Songea watu walimwita mtaalamu hata kabla hajashika bisibisi yake. Jamani, kuitwa mtaalamu ni mzigo! Mtu akikuita hivyo, anakutazama mikono.

"Bado kidogo, mama," alisema.

Kisa chenyewe hakina kona nyingi. Kajetani, mume wa Benigna, alikuwa mkulima wa kijiji cha Mpitimbi, mcheshi, mwenye kichaka cha mianzi ambacho ulanzi wake, pombe ya utomvu wa mianzi, ulikuwa ukifuatwa kutoka vijiji vya mbali. Mungu hakuwajalia mtoto. Alipokufa, ndugu zake wakalia vizuri tu, wakachinja, wakazika, na matanga hayajapoa wakaanza kusema kwamba nyumba, shamba na mianzi ni mali ya ukoo, na mjane asiye na mtoto hurudi kwao. Kwao wapi, mwanamke wa umri ule? Wazazi wamekwisha kufa, kaka zake wamehamia Nalasi kulima korosho, hata sura yake hawaikumbuki.

Benigna akawajibu kwamba Kajetani alikwisha kusema. Mwaka juzi, msimu wa kupanda, Pamela alikwenda Mpitimbi na kinasa sauti kutengeneza kipindi cha wakulima, na Kajetani, kati ya maneno ya mbegu na panya, akatamka redioni kwamba nikiondoka duniani, hapa ni pa Benigna, mtu asimguse. Majirani walisikia. Wazee wa ukoo wakasema majirani wamenyweshwa ulanzi. Pamela akajitolea kwenda kutoa ushahidi. Wakasema binti wa mjini anasema lolote. Mwisho wakatoa neno lao: tuletee sauti ya Kajetani mwenyewe, tukimsikia hatuna la kuongeza. Kikao kilikuwa kesho. Crispin, mdogo wake marehemu, akatumwa aje asikilize kwa masikio yake na kurudisha jibu.

Basi ingekuwa rahisi, kama si radi.

Redio ile ilikuwa ya Amedeus, muuza mbolea. Serikali ilipojitoa kwenye mbolea na kuruhusu kila mwenye mtaji ajaribu bahati, Amedeus alifungua duka. Serikali iliporuhusu redio za watu binafsi, akafungua redio ili aitangaze mbolea yake bila kumlipa mtu. Kompyuta alinunua za mtumba. Ya studio ilikuwa haitunzi vipindi. Vipindi vilikaa kwenye kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma, waliyoiita seva, na ya studio ilikuwa ikiviomba kwa waya. Sasa, seva ile haikuwa ikihangaika na majina. Ukishaomba kipindi mara moja, ilikuwa inakupa kitambulisho, mfululizo mrefu wa tarakimu na herufi, kama kile kibati unachopewa ukiacha mzigo stoo: wewe unakirudisha tu, mwenye stoo ndiye anayejua kinamaanisha nini.

Masika ya mwaka huu radi ikapiga. Mwenye stoo akafa. Diski yake Valence aliiokoa, lakini sehemu iliyoandikwa majina ilikuwa imeungua yote, na vipindi vilikuwa vimebaki mle ndani maelfu, havina majina, vingine vimeharibika hata havifunguki. Kilichobaki mkononi kilikuwa kibati. Kompyuta ya studio ilikuwa imekumbuka kitambulisho ilichokitumia siku kipindi cha Kajetani kiliporushwa hewani.

Na kitambulisho hicho hakuna kitabu kilichoeleza namna ya kukisoma, si Songea wala kwingine alikoweza kupiga simu. Kilichobaki ni kukisia. Valence alivitandaza vitambulisho vingi mezani, akavilinganisha. Sehemu ya mwanzo ilifanana kwa vyote. Akasema hii bila shaka ndiyo inayotaja diski, maana diski ni moja. Katikati palibadilikabadilika, hapa, akasema, ndipo penye namba ya faili lenyewe. Alipoisoma namba ile kutoka kushoto ilikuwa kubwa mno, diski nzima isingeweza kubeba mafaili kiasi hicho. Akaigeuza, akaisoma kinyumenyume, ikakaa sawasawa. Alifurahi siku ile hadi akamnunulia Pamela maandazi. Mwishoni kulikuwa na sifuri nyingi na katarakimu kadogo, pengine moja, pengine mbili, pengine nne. Hako hakukaelewa. Akasema ni kajazio tu, ka kuziba nafasi, akakaacha.

"Kaka Valence," alisema Pamela sasa, kwa sauti ya chini, "jenereta ina dizeli kidogo. Na umeme wa mgao leo si zamu yetu."

"Nimemaliza. Kuna faili moja tu linalolingana."

Alimtazama Mama Benigna. Mama alikuwa amefunga kanga yake mpya, ile ya kwendea kanisani, na rozari ameizungusha kwenye kiganja. Valence akabonyeza.

Spika zikakoroma. Kisha ikaja filimbi ya muziki, na sauti ya Amedeus, imejaa bashasha: "Mkulima! Usikubali kulala njaa! Mbolea imeingia, mbolea halisi, fika dukani kwangu Msamala..."

Hakuna aliyecheka. Crispin alishusha pumzi, na Valence hakutaka kujua kama ilikuwa ya huzuni au ya afueni.

"Huyo si yeye," alisema Benigna kwa upole, kana kwamba Valence ndiye anayehitaji kuambiwa.

"Si yeye, mama. Subiri." Akakagua namba. Ilikuwa ileile. Akakagua tena, jasho likimtiririka mgongoni. "Pamela, tangazo hili mlilirekodi lini?"

"Mwaka jana. Bosi alilitaka haraka, tukaambiwa nafasi imejaa. Nikafuta ya zamani, nikarekodi."

"Ukafuta ipi?"

"Sikumbuki, kaka. Tulikuwa tunafuta yoyote iliyokwisha kuruka hewani. Ndivyo tulivyofanya miaka yote na kanda. Kanda moja unaitumia mpaka inakwaruza."

Hapo ndipo katarakimu kale kadogo ka mwisho kalipomwangukia Valence kichwani kama embe bovu. Hakakuwa kajazio. Seva ilipofuta faili, ilikuwa inampa mgeni, faili jipya, namba ileile ya marehemu, na katarakimu kale ndiko kalikohesabu namba hiyo imekwisha kubadilisha wenyewe mara ngapi. Kwenye kitambulisho cha Kajetani kalisema mbili. Kwenye diski, sasa alipopaangalia, palisema tatu. Alikuwa amebisha hodi nyumba sahihi kabisa, na mwenye nyumba alikwisha kuhamishwa. Makisio yake mengine yote yalikuwa sahihi, na hayakumsaidia hata kidogo. Loo! Bora angekosea tangu mwanzo, angalau angekuwa na mahali pengine pa kutafuta.

"Mama," alianza. "Mama, amefutwa."

Benigna aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia. "Na hawezi kufutuliwa?"

"Hapana."

"Lakini kaka," Pamela akaingilia, amesimama, machozi yanamlengalenga, "kanda ndefu ukirekodi juu yake kitu kifupi, si mkia wa kile cha zamani unabaki? Tangazo ni fupi. Mzee aliongea sana!"

Mfa maji haachi kutapatapa. Valence akarudi kwenye diski. Aliacha mambo ya namba na vitambulisho, akaenda pale tangazo lilipoishia, akaanza kusikiliza mbele yake, kipande kwa kipande, pasipo na jina wala mwenyewe. Kukawa na mikwaruzo. Kukawa na nusu ya wimbo wa kwaya. Jenereta ikakohoa nje, taa ikafifia, ikarudi. Mikwaruzo tena. Kisha kuku akawika.

Benigna akainuka kwenye kiti. "Kuku wangu yule."

Na hapohapo sauti ya mwanamume, nzito, yenye kicheko ndani yake, ikajaa chumba kizima:

"...basi, binti yangu, mimi nimeshasema. Asije mtu akasema hakusikia."

Kisha mkwaruzo, kisha kimya. Valence alisukuma mbele, hakuna kitu. Akarudi nyuma, kwaya. Kati ya kwaya na kuku hakukuwa na neno lolote. Alichokisema Kajetani kilikuwa chini ya mbolea ya Amedeus.

Crispin alikuwa ameegemea mlango. Kofia ilikuwa imemdondoka. "Ni yeye," alisema. "Ni kaka. Mungu wangu, ni kaka kabisa."

"Umemsikia, shemeji," alisema Benigna.

"Nimemsikia."

"Basi kawaambie."

Crispin aliinama akaokota kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Niwaambie nini, shemeji? Amesema ameshasema. Hajasema alichosema."

"Lakini wewe unakijua. Siku ile ulikuwa kwetu. Ulikuwa umeshika bilauri ya ulanzi wake, redio iko dirishani, ukacheka ukasema kaka ameniaibisha hadharani. Crispin. Ulikuwa kwetu."

Valence alitamani apige kelele, atoe ngumi, afanye lolote ambalo fundi anaweza kulifanya, na mikono yake ilikuwa imelala juu ya meza kama ya mtu mwingine. Pamela alikuwa analia waziwazi.

"Mimi nimetumwa kusikiliza kilichomo humu," Crispin alisema hatimaye, akiitazama kofia. "Nitawaambia nilichokikuta humu." Akavaa kofia, akatoka, na walimsikia akisalimiana na Amedeus barazani, akiulizia bei ya mbolea.

Benigna alikaa. Hakulia. Aliomba asikilizishwe tena, na Valence akampigia tena, na tena, mpaka Amedeus akapiga kelele huko nje kwamba jenereta hainywi maji.

"Mwanangu," alisema mwishoni, "unaweza kuniwekea hayo kwenye kanda? Nikitoka pale nyumbani, sijui nitakuwa wapi. Redio ya kanda ninayo."

"Naweza, mama. Hilo naweza." Valence alikurupuka kwa furaha ya aibu, maana hatimaye kulikuwa na kitu anachoweza. Pamela akapangusa macho, akatoa kanda kwenye rafu, ya kwanza aliyoishika, haina lebo. Akaitia kwenye mashine.

Benigna akamshika mkono kabla hajabonyeza.

"Ngoja kwanza, binti yangu. Humo hamna mtu?"

Pamela akaitoa, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Akachukua nyingine, na nyingine. Rafu nzima ilikuwa hivyo, haina majina. Hakujua ni ipi isiyo na mtu.