Saa ya Geti

Wewe uliyeshika ukurasa huu, nakutegea, usinikimbie. Soko langu halina Jumanne wala Ijumaa. Anayeingia huuliza njia ya kutokea, na akionyeshwa, hatoki. Ni nini?

Fikiri kidogo. Ukishindwa, unipe mji. Ndiyo sheria: anayeshindwa kitendawili humpa mwenzake mji, na yule mtegaji anautembea kwa maneno, anakula na kunywa huko, ndipo atoe jibu. Desturi hiyo nilifunzwa na Naswiba, anayeuza samaki wa ziwani Katwe hapa sokoni Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nami nimeitumia vizuri. Watu hawanipi Rukoki wala Maliba, miji midogo ya huku kwetu. Wote hunipa Kampala. Nimepewa Kampala mara nyingi mpaka najiona ndiye mwenye nyumba zote za kule, ingawa sijalala huko hata siku moja.

Mjukuu wangu Sylivia hakunipa mji. Alijibu kabla sijafunga mdomo.

"Si ni Kampala yenyewe, Mukaka!"

Mukaka ni bibi, kwetu Wakonzo na kwa ndugu zetu Wanande walio Kongo, ng'ambo ya mto. Alikuwa amepata, mtundu yule. Lakini nilijua kwa nini amepata upesi. Siku hizo hata ungemuuliza chumvi iko wapi, angekujibu Kampala.

Sylivia alikuwa akishona kwenye baraza langu pamoja na Elise, msichana wa Butembo aliyevuka mpaka wakati wa vita na makasi yake mfukoni, na vitu vingine vichache sana. Elise hukata, Sylivia hushona. Mmoja bila mwenzake ni obundu bila mchuzi: huo ugali wetu wa muhogo unamezeka, lakini kwa machozi.

Na kazi yao ilikuwa na namna yake. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, akina mama wa Kongo wanavuka asubuhi na mawese na maharage. Wananunua kitambaa, wanakiacha kwetu, wanaenda kuuza. Jioni, kabla geti la mpaka la upande wao halijafungwa, nguo lazima iwe mwilini. Kwa hiyo saa kumi na moja ikifika, barazani kwangu ni mbio tupu. Mmoja anafungwa zipu huku anatembea, mwingine ameondoka na pini mgongoni, na Elise yuko nyuma yake na makasi, anakata uzi barabarani. Halafu geti linafungwa, barabara inanyamaza, washonaji wangu wanafunika cherehani. Yvette, mama yake Elise, alikuwa ndani ya mbio hizohizo. Anauza mawese yake, anamkumbatia binti, anakimbia.

Basi Pasaka ilipofika, Nobert, kaka yake Sylivia, akaja kutoka Kampala na viatu vyenye ncha kama mdomo wa korongo. Akakalia kiti changu, akaanza kuhubiri.

"Mukaka, Kampala kila kitu kiko. Uzi wa rangi zote. Vitambaa vinashushwa kwenye lori unaviona. Umeme."

"Hata hapa tunao."

"Unaokatika."

"Wenu haukatiki?"

Akakohoa. "Unakatika. Lakini unarudi siku hiyohiyo."

"Hongereni."

"Na hospitali, Mukaka. Na barabara!"

"Barabara naijua," nikamwambia. "Mwaka jana ulinipigia simu ukiwa ndani ya gari. Tukaongea, nikapika, nikala, nikaosha sufuria, na wewe bado uko mbele ya duka lilelile la matairi."

Elise alicheka na pini zake mdomoni, nikamwonya asizimeze. Sylivia hakucheka.

"Lakini watu, Mukaka," akasema. "Kule kila Jumamosi mtu anaoa, mtu anatambulishwa ukweni, mtu anazika. Wote wanataka nguo. Hapa mtu anashona Krismasi, halafu anangoja Krismasi."

Neno hilo lilikuwa na uzito, nami sikutaka kulibeba. Nikamgeukia mwenzake.

"Nijibu wewe, Elise, umenyamaza sana. Hiyo Kampala iko na nini ambacho sisi hapa hatuna? Na usiniambie uzi."

Elise akatoa pini moja moja mdomoni. "Mukaka, mie sijaona Kampala. Sitajibu kitu sijaona."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Sijashindwa. Ungoje."

Nikuambie wazi jambo lilivyokuwa. Sylivia hangeweza kwenda bila Elise, maana hajui kukata. Ukimpa makasi anakutolea mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Na Elise alikuwa ameshahama kwao mara moja. Kutoka barazani kwangu anaviona vilima vya Kongo, na siku za soko anamwona mama yake. Kuhama mara ya pili, tena kwa hiari, hakujua kama anaweza. Mwisho wakakubaliana wajaribu mwezi mmoja. Nobert akawapatia chumba kinachotazama barabara, na mwenye nyumba akasema mwezi ukiisha anataka jibu: wanakichukua mwaka mzima, ama wanatoka.

Niliwasindikiza mpaka Kasese, mji wetu mkubwa, kupanda basi. Nikajaribu mara ya mwisho.

"Kwa nini msishonee hapahapa? Tazameni mataa. Tazameni benki. Hata joto la mjini liko."

"Mukaka, Kasese jua likitua inaingia bandani na kuku," Sylivia akasema.

"Nanyi mnataka kukesha na nani?"

Watu waliokuwa wakingoja basi wakaangua kicheko, na mjukuu wangu akajificha nyuma ya mzigo. Niliwapa unga wa muhogo na chumvi ya Katwe, kama vile Kampala hakuna chumvi.

Baada ya wiki moja simu ikalia.

"Mukaka, wateja hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Asubuhi wanapita wanakimbia. Wanaangalia nguo zetu, wanasifu, wanasema tutarudi. Hawarudi."

Wiki iliyofuata, maneno yaleyale. Mimi sikusema rudini. Nilisema tu kwamba baraza limefagiliwa. Nikaongeza kwamba kuku wanalala pale palipokuwa na cherehani, lakini kuku si wapangaji, wanaweza kuhamishwa.

Halafu akapiga Nobert, na sauti yake sikujua kama anacheka au analia.

"Mukaka, unajua hawa watoto wako wanafanya nini? Leo nimetoka kazini nikapitia dukani kwao. Mlango umefungwa! Wao wako nyuma wanasonga obundu, na mbele wamesimama akina mama na vitambaa mkononi, wanagonga. Nimewauliza, mbona mmefunga? Wananiambia saa kumi na moja imefika."

"Sasa ulitaka wafunge saa ngapi?" nikamuuliza. "Na geti likishafungwa?"



"Mukaka," Nobert akasema polepole, "geti gani? Hii ni Kampala."

Niliketi juu ya gunia la maharage. Hata mimi! Kumbe wale waliosema tutarudi walikuwa wanarudi kila siku. Wanatoka ofisini, wanatoka shuleni kufundisha, wanatoka kwenye vibanda vyao, wanakuta mlango wa washonaji wa Bwera umefungwa ndi! Mji mzima unaanza kununua saa ileile sisi tunayokunja mikeka.

Tangu siku hiyo hawakusonga obundu mapema tena. Na mbio zile za hapa kwangu zikawafaa. Mtu anakuja jua likizama na kitambaa cha maziko ya kesho. Washonaji wengine wa mtaa ule wanamwambia njoo wiki ijayo. Elise anamwambia keti hapo. Watu wakawapa jina: wale wa sasa hivi. Sylivia akinipigia simu, namsikia kwanza cherehani, ndipo namsikia yeye.

Mwezi ukaisha. Sylivia jibu lake lilikuwa tayari, hata kabla ya mwezi kuanza. Elise akamwambia mwenye nyumba, "Jibu langu litatoka Bwera." Akapanda basi la usiku, akafika kwangu asubuhi ya siku ya soko bila mzigo wowote. Mtu asiye na mzigo ana maana mbili: ameshafika kwake, ama hakai. Sikuuliza ni ipi. Nilifukuza kuku.

Alikaa pale pale pake, akawakatia akina mama vitambaa kutwa nzima, na Naswiba wa samaki akaleta cherehani ya kuazima, akashona badala ya Sylivia. Yvette alipouza mawese yake akaja kuketi karibu na binti.

"Nasikia kule bantu banatembea usiku kama mchana," Yvette akasema. "Wewe hauogopi?"

"Niliogopa, mama. Siku ya kwanza nimesikia bantu wanakimbia inje, nikaficha makasi, nikaingia chini ya meza. Kumbe wanakimbilia chapati ya mayai."

Yvette alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha mteja. Kisha hakucheka tena, akabaki anayafuta.

Saa kumi na moja ikatukuta. Zipu, pini, uzi, mbio. Yvette akamkumbatia binti yake.

"Ukipanda basi la usiku, unafika hapa siku ya soko, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya basi," akasema, akashika ndoo yake tupu, akakimbia na wenzake.

Geti likafungwa. Barabara ikanyamaza. Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima, mwanga mwingi mzuri umemwagika barabarani na hakuna wa kuutumia, isipokuwa mbuzi wa jirani. Elise alisimama anatazama, mikono yake haina kazi.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa Sylivia.

"Mukaka, Elise yuko hapo? Mwenye nyumba amesimama mlangoni. Na wateja wamesimama nyuma yake!"

Nikaongeza sauti ya simu, nikaiweka juu ya cherehani. Mdomo wangu ukashindwa kukaa kimya. Umezeeka, hausikii la mtu.

"Elise, lile swali langu bado liko njiani. Kampala iko na nini ambacho sisi hapa hatuna?"

Elise akaokota kipande cha uzi chini, akakikata.

"Basi umeshindwa, mwanangu. Hakuna aibu. Sema tu, Mukaka nakupa mji, tuyamalize."

Elise akafunga makasi yake, akayatia mfukoni.

"Mji sitakupa, Mukaka," akasema, kwa sauti ya kumfikia Sylivia na mwenye nyumba anayengoja jibu. "Iko na jioni."