Mashimo Manane Juu ya Chumba cha Wageni

Kama kuna kitu Mama Sabuni alikichukia kuliko uchafu, ni uchafu unaojua kuongea. Na siku hiyo uchafu wa namna hiyo ulikuwa umempandia juu ya paa, umevaa fulana ya rangi ya chungwa, unajiita Injinia.

Jina la Mama Sabuni hakuliokota njiani. Miaka ishirini na sita alifua mashuka ya hospitali, na aliyoyaona kwenye mashuka hayo hayasimuliwi mbele ya sahani. Alipostaafu aliondoka na pua yake, pua inayosikia soksi kabla mwenye soksi hajabisha hodi. Injinia alipoingia asubuhi, pua ilimwambia, "Shoga, funga mlango." Angefungaje, na aliyemleta ni mkwe wake?

Mkwe huyo, mume wa binti yake wa pekee, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa kuwaamulia wenzake. Tangu kibatari kiunguze pazia la sebuleni, aliamua: ama nyumba ifungwe taa za sola, ama mama ahamie kwake. Na kwake maana yake ni chumba cha uani, dirisha linatazamana na mlango wa choo cha watu kumi na mmoja. Mama Sabuni aliwahi kulala humo siku moja. Aliporudi alioga mara tatu, na mara ya nne akaogea dawa ya kuoshea sakafu.

Kwa hiyo aliketi uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, shingo juu, akiomba paneli nne zishike.

"Siri yote, bibi, ni kenchi," Injinia alihubiri kutoka juu. "Bati halibebi kitu. Lazima skrubu ing'ate zile mbao nene zinazobeba paa. Ukizikosa, upepo wa kwanza tu, paneli zinaenda kwa jirani."

"Utazijuaje, na bati limezifunika?"

"Nagonga nasikiliza. Miaka tisa kazini, bibi!"

Aligonga. Kisha, ili asikie vizuri, akatia bisibisi sikioni, akaizungusha, akaitoa, akaitazama kama mtu anayesoma barua, akaifuta kwenye bati. Mama Sabuni aliruka kutoka kwenye ndoo. Bati lake!

Alianzia juu ya chumba cha kulala cha Mama Sabuni. Akatoboa kwa keekee yake, akapata mbao. Akatoboa tena, akapata mbao. Akapima nafasi kati ya hizo mbili kwa shubiri: tatu kamili. Lakini upande huo kunguru walikuwa wamepafanya choo chao, na Injinia, eti na yeye, alishikwa na kinyaa.

"Nahamia huku kwenye usafi," alisema, akaenda juu ya chumba cha wageni. "Kenchi ni kenchi. Kila shubiri tatu."

Akatoboa. Keekee ikazama mpaka shingoni. Akasogea shubiri tatu, ikazama. Akarudi nyuma dole gumba, ikazama. Ndani ya nyumba kila mtikisiko ulikuwa ukimwaga vumbi la kinyesi cha popo kupitia nyufa za dari, na Mama Sabuni alipochungulia akakuta shuka lake jeupe limenyunyiziwa kama pilipili manga. Alitoka nje ameziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Mashimo yalipofika manane, Injinia aliweka keekee kando. Akatoa ubani aliokuwa akiutafuna tangu asubuhi, akaumega vipande, akaviloweka mate, akaanza kuziba.

"We!" Mama Sabuni alipiga kelele. "Unanitemea mate kwenye nyumba?"

Injinia alishuka, uso umekunjamana kama daktari mwenye habari mbaya. Hakumtazama yeye, alimtazama mkwe aliyesimama uani. "Bosi, mbao zimeoza. Keekee inapita kama kidole kwenye tope. Paa hili halibebi hata njiwa."

Mkwe akashusha pumzi. "Mama, si nilisema? Nyumba imechoka. Twende tu ukapumzike kwangu."

Mama Sabuni aliuona mlango wa choo. Aliunusa.

"Lete hiyo keekee," alisema.

Injinia akampa, akicheka. Mama Sabuni aliishika kwa ncha ya kanga, akaigeuza mwangani. Alikuwa mke wa seremala miaka thelathini. Takataka za mbao amezifagia mara nyingi kuliko alivyochana nywele zake. "Mbao iliyooza inatoa unga mweusi, unanata. Mbao nzima inatoa unga mweupe. Hiki chuma kimetoka kitupu kama sahani ya mchoyo. Hukutoboa mbao mbovu, baba. Umetoboa hewa."

"Bibi, kwa heshima..."

"Heshima iko sikioni mwako, nimekuona ukiichokonoa. Panda juu, utoe ubani wako kwa mkono wako mwenyewe, usubiri. Mkwe, nishikie ngazi."

"Mama, unaenda wapi?"

"Nakwenda nisikotaka."

Alijifunga leso puani, akachomoa njiti nane kwenye ufagio, akapanda kwenye mlango wa dari. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba kama njiti ya tisa. Humo ndani mkojo wa popo ulimkaba kama mtu. Utando wa buibui ulimwingia mdomoni, alitema, ukabaki. Goti lake la kulia lilitua juu ya panya aliyekufa zamani, aliyekauka bapa kama soli ya kandambili, na Mama Sabuni alisema neno ambalo mkwe, huko chini, alijifanya hakulisikia.

Kisha akanyanyua macho. Ubani ulikuwa umeshatolewa, na kupitia mashimo manane nyuzi nane za jua zilikuwa zimeshuka gizani. Hakuna hata uzi mmoja uliogusa mbao. Kenchi zenyewe zilikuwa zimesimama pembeni, kavu, ngumu, kama watu wazima wanaotazama ugomvi wa watoto. Alipiga moja ngumi. Ngumi ndiyo iliyoumia.

Akapitisha njiti kila shimo, zikachomoza juu ya bati. "Injinia! Unaziona? Ya kwanza, mbao iko shubiri mbili kulia kwako! Ya pili, shubiri moja kushoto!"

Na hapo ndipo alipoacha kupima kwa ajili ya Injinia, akaanza kupima kwa ajili yake mwenyewe. Juu ya chumba chake cha kulala, kenchi zilipangwa kila shubiri tatu, kama askari. Juu ya chumba cha wageni, kila shubiri tano, kama ndugu waliogombana.

Aliyezipanga ni marehemu mumewe. Na chumba cha wageni kilikuwa cha nani? Cha mama yake Mama Sabuni, aliyekaa humo miaka kumi na moja akilalamika kwamba upepo ukivuma paa linaguna. "Ni uzee wa masikio, mama," seremala alikuwa akimjibu, kwa adabu zote, mikono kifuani. Na mbao zilizobaki akajitengenezea benchi la kuchezea karata.

"Mshenzi we!" Mama Sabuni alimwambia marehemu, katikati ya mavi ya popo. "Juu ya kichwa cha mama yangu!" Alitaka kulia. Akajikuta anacheka, leso ikamwingia mdomoni, na ladha yake ikamkatisha kicheko.

Alishuka mweusi mpaka kwenye kope. Akamkabidhi Injinia ndoo, brashi na mche mzima wa sabuni.

"Paneli zinakaa juu ya chumba changu, kenchi ziko karibu karibu. Anza kwa kusugua mavi ya kunguru. Ukimaliza, ziba mashimo yako kwa dawa ya kuzibia, siyo kwa kinywa."

Injinia alisugua. Alitapika kidogo, pembeni, na Mama Sabuni akampa maji na sabuni nyingine kwa ajili ya hapo pembeni. Kila skrubu ilipoingia, unga mweupe ulitoka. Saa kumi jioni taa ya sebuleni iliwaka, na mkwe akaizima, akaiwasha tena.

"Haya, mama. Kaa kwako."

"Nimekaa."

Mawingu yalikuwa yamekusanyika. Mkwe alikuwa hoi kwa kushika ngazi, akaomba ajinyooshe mpaka mvua ipite. Mama Sabuni akamwandalia chumba cha wageni kwa mikono yake, shuka safi, mto wa pamba, kisha akaenda kuoga kwa mara ya kwanza kati ya tatu.

Upepo ulitangulia mvua.

"Mama!" mkwe aliita. "Hili paa la huku linaguna!"

Mama Sabuni alijimwagia kata ya maji, taratibu, harufu ya sabuni ikamjaa puani.

"Ni masikio, mwanangu," alijibu. "Yameanza kuzeeka."