Nusu ya Samaki

Mimi ndiye niliyeanzisha Kanisa la Chumba cha Pasi, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulikana. Naungama haya kwa unyenyekevu mkubwa, ambao umenijia juzi.

Mwalimu wa dini alitufundisha kwamba inasemekana Wakristo wa kwanza, enzi za mateso, walipokutana njiani mmoja alichora upinde mavumbini. Mwenzake, kama ni ndugu, akachora wa pili: samaki! Nikaona mwanga. Kesho yake tukawa wanne chumba cha pasi, saa ya kufagia bweni, samaki wa chaki mlangoni.

Nia yangu ilikuwa kukwepa ufagio. Tatizo binamu yangu alikuja kusali kweli. Alimwombea mama yake, shangazi yangu, aliyelazwa hospitali, na nikajikuta nasema amina bila kucheka.

Jumatano Matroni akatufuma.

"We, na wewe umo?"

"Mimi? Nilikuwa napita tu, Matroni."

"Unawajua hawa?"

"Kwa sura."

"Huyu si binamu yako?"

"Ukoo wetu mkubwa, Matroni."

Hayo yote niliyasema vidole vyangu vikiwa vyeupe pe kwa chaki.

"Mimi nimo," binamu akasema taratibu.

"Kusali sikatazi. Ufagio kwanza!" Watatu wakapewa madirisha yote ya bweni. Mimi nikaambiwa niende zangu. Sijawahi kuachiwa huru vibaya namna ile.

Alhamisi, walipomaliza madirisha, nikabisha mlango wa chumba cha pasi.

"Msaliti haingii!" akafoka Kibiriti, mmoja wa wale watatu, ambaye huwaka kabla hajaguswa.

"Kwani Petro je?"

"Petro alilia. Wewe jana usiku ulikwenda kuongezewa chakula!"

Binamu, ambaye darasani husikiliza, akasema hata kanisa la zamani liligombana kuhusu walioanguka wakati wa mateso. Wengine walitaka wafungiwe nje milele. Wengi wakakataa, lakini walioanguka walisimama kwanza mlangoni, wakiwasihi wanaoingia wawaombee.

"Asimame," akaamua Kibiriti. "Siku tatu."

Siku ya kwanza nilijitanda taulo kichwani nikaomboleza kwa sauti nene. Kidato cha kwanza wakanipigia makofi, mmoja akanipa biskuti. Siku ya pili hakuna aliyecheka, hata mimi. Ya tatu nikasikia binamu akimwombea shangazi kule ndani. Amina yangu ikaishia mlangoni. Haikuwa na pa kwenda.

Nikatimua mbio mpaka kwa Matroni.

"Matroni, mimi nimo! Tena mimi ndiye kichwa!"

"Najua, mwanangu. Jumatano mikono yako ilikuwa kama ya mpaka chokaa. Ndoo ile pale."

Nikaosha madirisha yote upya, peke yangu, nikiimba. Watu wakadhani nimerukwa na akili. Nilikuwa mwepesi kama povu.

Nikarudi nimelowa hadi viwikoni. Mlango ukafunguka. Binamu akachuchumaa, akachora upinde mmoja sakafuni, akanipa chaki. Mkono ulikuwa majimaji. Chaki ikakatika, upinde wangu ukatoka na kitambi.

"Huyo kambare mgonjwa," akasema Kibiriti.

"Ni samaki," binamu akasema. "Ingia basi, shangazi yako anangoja amina."