Siku Nilipomkataa Arielle

Nina usonji, na ninalisema hilo kichwa kikiwa juu. Daktari aliponiambia, mama alilia. Mimi nilifurahi: kumbe hali yangu ina jina, tena jina linaloingia vizuri katika shairi.

Marafiki sina wengi. Nina Kule. Tunatengeneza simu pamoja katika kibanda chetu hapa Bunia, na Kule haniulizi kwa nini simtazami usoni. Anajua kwamba mimi watu ninawatambua kwa miguu, kwa mabega, kwa namna wanavyopumua. Alipopata mchumba, Arielle, akaniomba nisimame kando yake kanisani siku ya ndoa. Binamu yake Ephraïm akawaka.

"Constant? Ule anapita batu bila kubasalimia! Atatupatisha haya mbele ya bakwe."

"Tutamujaribu siku ya mahari," Kule akasema. "Yeye ndiye atatuchagulia bibi. Akiweza, atasimama kanisani."

"Na akishindwa?"

"Utasimama weye."

Nafasi ile ilikuwa yangu, na sikuwa tayari kumwachia mtu.

Siku ya mahari, familia ya binti haimtoi hivi hivi tu. Wanaleta wasichana mmoja mmoja, wamefunikwa vitenge kuanzia kichwani, na mtu wa upande wa bwana anawakataa mpaka atokee bibi harusi mwenyewe. Akikosea, upande wake unatoa faini ya soda, na kicheko kinafika mtaa wa pili. Kule alinifundisha kibandani, bisibisi mkononi:

"Wa kwanza, unakataa. Wa pili, unakataa. Wa tatu ni Arielle, unakubali. Usisahau."

Mimi kusahau? Neno la Kule likiingia kichwani mwangu, halitoki.

Jumamosi tukafika mtaa wa Saio, kwa familia ya Arielle, wafanyabiashara waliohamia kutoka Butembo. Turubai, viti vya plastiki, mbuzi wetu wamefungwa mlangoni, na spika kubwa iliyokuwa ikinipiga kifuani. Nikatia pamba masikioni, nikasimama mbele. Shangazi yake Arielle, tantine Mbambu, akamtoa binti wa kwanza, amefunikwa.

Nikamjua papo hapo. Arielle hukanyaga kwa vidole kabla ya kisigino, na akizuia kicheko bega lake la kushoto linaruka. Bega lile lilikuwa linaruka. Tantine Mbambu alikuwa amegeuza mchezo: bibi ametangulia!

Nikaangalia miguu tena. Ni yeye kabisa. Lakini Kule alisema wa kwanza nimkatae.

"Huyu tunamukataa," nikasema kwa sauti. "Mumurudishe."

Tantine akavuta kitenge. Arielle! Uwanja ukalipuka.

"Bamekataa bibi yabo!"

"Bakwe, ile ni macho ao ni vifuniko ya chupa?"

"Mubebe mbuzi zenu, muende!"

Ephraïm alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nilisema miye! Sasa kanisani ni miye nasimama."

Watu wakipiga kelele namna ile, maneno ya kawaida yananigomea. Mashairi hayanigomei. Nikatoa pamba masikioni, nikapaza sauti:

*Namjua kwa hatua, kitenge kimefunika,*
*Bega lake likiruka, kumbe ndani anacheka;*
*Rafiki kaniagiza, mimi sikubadilika,*
*Mrudisheni Arielle, nyumba yetu yamtaka!*

Kule ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka kiti chake kikapinduka.

"Tantine, kosa ni yangu! Nilimuambia wa kwanza akatae. Na huyu, ukimuambia kitu, ni mwisho."

Arielle akanisogelea, kitenge kikining'inia shingoni mwake. "Kweli ulinijua kwa bega?"

"Na kwa vidole vya miguu."

Akamgeukia mchumba wake. "Na weye Kule, ulinijua?"

Kule akaanza kuokota kiti chake polepole sana. Hapo wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakaruka.

Tantine Mbambu akainua mkono. "Faini! Moja, mutaleta soda ya batu bote. Mbili, kama huyu kijana hasimame kanisani karibu ya Kule, bibi anabaki mu jikoni yangu. Nimemaliza."

Ephraïm ndiye aliyebeba soda. Akazipanga mezani, kisha akanikuta nyuma ya nyumba, mbali na spika, ambako Arielle alikuwa ameniwekea sahani ya kuku na sombe, kisamvu cha kwetu. Akavuta kiti, akala kutoka sahani yangu bila kuomba. Sikupenda, nikamwambia, akaenda kuchukua yake, akarudi.

"Mahari yangu ni mwezi wa munane," akasema akiitazama sahani. "Utakuja kutuchagulia? Lakini miye sitakufundisha kitu."

"Nifundishe," nikamjibu. "Ila nifundishe yote, na ujanja wa mashangazi ukiwa ndani."