Mshale Wima Kwenye Kona ya Tarasaa

Watu wa Garsen watakwambia Dadacha ana hasira. Ni kweli, ninazo. Lakini uliza kwanza ni nani aliyezichokoza, ndipo unihukumu.

Kwa miaka mingi nimeendesha lori la kaka yangu Sadik, tukipeleka ng'ombe Mombasa. Kwetu mtu hakupi mifugo yake kwa sababu una lori. Malori yapo tele. Anakupa kwa sababu anajua jina lako, na jina likichafuka hata mbuzi wa kumpakia humpati.

Sheria ya kona nilipewa na shangazi yetu Barwako. Yeye akisafiri hukaa mbele nami, na kwa kuwa namba hazisomi, alishika jambo moja tu: mshale wa spidi ukisimama wima, ni hamsini. Pale kwenye kona kabla ya kufika Tarasaa, alisema, mshale usipite wima, la sivyo ng'ombe watalaliana upande mmoja na lori litawafuata. Wenye mifugo wote wakaijua sheria hiyo. Mtu akinikabidhi fahali wake huniambia, "Wima, Dadacha," nami hujibu, "Wima." Basi, hiyo ndiyo ilikuwa risiti yetu.

Mvua ziliponyesha, lori likawa linakwama kila safari kwenye tope jeusi la njia ya Ozi. Sadik akanunua matairi makubwa zaidi. Josiah, fundi wa pale mjini niliyesoma naye darasa moja, akatuonya mapema. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko la zamani, lakini kompyuta ya lori haina habari, yenyewe inahesabu mizunguko tu. Mshale utasema hamsini na wewe unakaribia sitini. Hata gavana, kile kifaa cha kuzuia mwendo, kitadanganyika vilevile, kikuachie upite mwendo unaoruhusiwa. Ni lazima lori lipewe kipimo kipya.

Kipimo chenyewe tulikichukua pamoja. Josiah alitia chaki pale tairi linapogusa ardhi, mimi nikasogeza lori taratibu mpaka alama ikarudi chini, naye akapima mwendo huo kwa utepe. Alipokwenda kuwasha kompyuta yake, Sadik aliniambia niende zizini nikawatazame ng'ombe wa safari, yeye atasimama na fundi. Nikaenda. Kwa nini nisiende? Ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Jioni akaniambia kazi imekwisha, mshale sasa unasema kweli. Akaapa, na wala sikuwa nimemwomba kiapo.

Siku ya safari, kwenye kona ile, mshale ulikuwa wima. Wallahi niliutazama. Lakini huko nyuma nilisikia kwato zikiburura kwenye mbao, ng'ombe wote wakiegemea upande mmoja. Mimi nimechunga kabla ya kushika usukani, nikajua wanyama wale wananiambia naenda mbio. Nikautazama mshale tena. Wima. Nikauamini mshale, kwa sababu kaka yangu alikuwa ameuapia, na lori likalala ubavu mtaroni.

Mimi nilitoka na michubuko tu. Ng'ombe kadhaa walikufa palepale, na mmoja wao alikuwa dume la shangazi Barwako, lile alilolilisha kwa mkono ukame wote, akijinyima hata usingizi ili lisikose maji.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Josiah. Nilimtukana yeye, gereji yake na kompyuta yake, mpaka wateja wakasimama kutazama. Aliningoja nimalize, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Dadacha, kipimo sikukiingiza," akasema. "Sadik aliniambia ni wewe uliyekataa. Alisema unataka kuyapita malori mengine ufike sokoni kwanza, ila unaona haya kuniambia mwenyewe."

Nikakaa juu ya tairi kuukuu pale gereji na nikalia, mtu mzima, mbele ya watu. Kunidanganya ni jambo moja. Sadik alikuwa amelichukua jina langu akalitumia kumdanganyia Josiah, na mimi nikaenda kumtukana mtu asiye na kosa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi nilikuwa napekua nguo za jirani.

Kesho yake wenye mifugo walikusanyika nyumbani kwa mama. Kwetu mdogo hampingi mkubwa wake mbele ya watu, kwa hiyo Sadik alizungumza kwanza. Akawapa pole. Akasema Dadacha anapenda mbio tangu utotoni, yeye amemkanya mpaka amechoka, na kuanzia sasa ataendesha mwenyewe. Alisema hayo kwa huzuni kabisa, na watu wakamwonea huruma. Nilipopewa nafasi nilisema mshale ulikuwa wima. Wazee wakatazama chini. Nikataka kutaja maneno ya Josiah, lakini nilimwona mama ameshika mtandio wake mdomoni, nikakaa chini.

Ndipo shangazi Barwako akauliza ng'ombe wake wawili waliobaki watakuwa salama vipi.

"Usiwe na hofu, shangazi," Sadik akasema. "Pale kwenye kona mshale wangu hautafika wima hata kidogo."

"Kwa nini usifike?" Barwako akamwuliza. "Wima ndiyo sheria yangu. Haijawahi kuangusha hata ndama."

"Kwa matairi haya wima ni mbio mno, kwa sababu..."

Wazee waliokuwa wametazama chini wakainua macho.

"Kumbe ulijua," akasema Barwako. "Na ukamwacha aende na ng'ombe wangu."

Watu walianza kuinuka mmoja mmoja, na kila aliyenipita alinishika bega. Mama akanikumbusha yale ya wahenga, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nikamwambia, mama, sisi ni wachungaji, jembe tutalitoa wapi? Nikaweka ufunguo wa lori juu ya mkeka.

Sadik alinifuata nje. Hakuniomba radhi. Alisema yeye ndiye aliyetaka lori liwahi sokoni kabla ya mengine, na alidhani ningesikia tu kwamba linakwenda kasi, kwa maana mimi ni dereva hodari. Nilikunja ngumi, nikaikunjua. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa maishani, na aliisubirisha mpaka siku ile.

Wiki kadhaa baadaye, lori likiwa limeshatengenezwa, siku ya soko la Garsen, Barwako alinikabidhi ng'ombe wake wawili niwapeleke kwa miguu. Alipokuwa akinipa fimbo aliniambia, "Wima, Dadacha," nami nikamjibu kama zamani. Tulipofika barabarani nilisikia honi nyuma yetu. Honi ile niliifunga mimi mwenyewe, ningeitambua hata usingizini. Niliwasogeza ng'ombe pembeni, lori likapunguza mwendo, likaenda sambamba nasi kwa muda, nikasikia kioo kikishushwa na Sadik akiniita kwa jina nililoitwa utotoni.

Nikaendelea kuwaswaga ng'ombe wa shangazi, sikugeuka.