Mgeni wa Beseni la Buluu

Vumbi lilikaa mahali pa maji. Lilikaa pale tulipozoea kupita kwa mtumbwi, likakaa juu ya mizizi ya matete, likakaa kwenye kope za nyati tunaowakamua, waliosimama mchana kutwa wakilitafuta bwawa lao la kuogelea. Na ndani ya vumbi hilo ulikuwamo wewe. Ulikwama katika alama ya kwato, mwanakobe wa kuenea kwenye kijiko cha kupakulia, pua yako nyembamba umeielekeza kule ambako mwaka uliopita kulikuwa na ziwa.

Nilikwenda kukata matete ya mwisho yenye ubichi. Nikarudi na wewe ndani ya upindo wa baibui langu, na kila nilipopiga hatua nilihisi kucha zako zikinikwaruza, na kila uliponikwaruza nilisema moyoni: yu hai, yu hai.

Hakuna anayekupenda kwetu. Wewe ni rafashi, kobe wa maji mwenye gamba laini kama ngozi, na jina lako midomoni mwa wavuvi ni tusi. Wakubwa wako huchana nyavu, hula samaki walionaswa, na wakishikwa huuma. Mume wangu, Mizhir, ana kidole kisicho na ncha. Ncha yake aliondoka nayo mmoja wenu. Miaka thelathini amewapiga kwa kasia bila kuuliza huyu ni nani.

Nikakuwekea tope katika beseni la buluu, juu yake maji ya vidole vinne. Yalikuwa maji ya boza, lori la maji lililofika mara moja kwa wiki, na nyati wetu wawili waliyangoja ndimi nje. Wa tatu, Warda, alikufa kwa kiu, tukamburuta mbali na nyumba siku chache kabla yako. Tangu siku hiyo mimi na Mizhir hatukusemezana. Yeye alitaka tuuze waliobaki, tuhamie mjini Nasiriya kwa binti yetu Hanini. Mimi nilitaka tungoje mvua. Tulisema ya kusemwa, tukasema na yasiyosemwa, kisha tukanyamaza. Kuta za matete ni nyembamba, lakini kimya chetu kilikuwa kinene.

Siku ya tisa tangu nikulete, Mizhir akainama juu ya beseni.

"Mama Hanini, hiki nini?"

"Mgeni."

Alikutazama sana. Uliitoa pua kwenye tope, ukavuta pumzi, ukaizamisha tena.

"Mama yake kala wavu wangu," akasema, "na mwanawe sasa anakula mkate wangu."

"Basi mgombeze, Baba Hanini. Anakusikia."

Hakukugombeza. Alicheka puani, kicheko kidogo kikavu, na mimi nikageukia tanuri nisije nikaonekana uso. Nakushukuru kwa kicheko kile. Nakushukuru, wewe usiye na sauti, kwa kuturudishia sauti.

Baada ya hapo nilimkuta mara nyingi amechuchumaa kando yako, akikukatia dagaa kwa ukucha wa kile kidole kifupi. Akiniona alijifanya anafunga kamba ya mtumbwi, mtumbwi uliolala juu ya ardhi kavu usioweza kwenda popote. Nami nilijifanya sijaona. Jioni tukinywa chai aliniambia umekula vipande vitatu, umekataa cha nne, una maringo kama shangazi yangu. Tukaongea juu yako, na kupitia kwako tukaongea juu ya Warda, na kupitia kwa Warda akaniambia, kwa mara ya kwanza, kwamba alikuwa amelia.

Kisha boza likakosa kuja. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dumu la mwisho likaisha, nyati mmoja akapiga magoti asiinuke. Nikalinyanyua beseni lako. Nakuambia wewe ujue: nilikuwa nakwenda kumnywesha nyati maji yako.

Mizhir alinishika kiwiko.

"Liweke chini. Maji nitayafuata mimi."

Alimfunga punda wa jirani madumu manne, akaenda mpaka kwenye mfereji mkuu, mwendo wa nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Jua lilikuwa linazama alipotokea, midomo imepasuka, viatu mkononi. Nyati walikunywa. Akachota kikombe kimoja, akakimimina kwenye beseni polepole, usije ukashtuka.

"Tungoje," akasema. "Huyu akipata pa kwenda, na sisi ndipo tutazungumzia pa kwenda."

Hatujalizungumza mpaka leo.

Maji yalirudi mwezi wa pili wa baridi. Yalitangulia kwa harufu, yakafuata kwa unyevu chini ya mikeka, kisha asubuhi moja mtumbwi ukainuka wenyewe. Mizhir alishika kasia, mimi nikakupakata. Ulikuwa umeshajaa kiganja. Kwenye matete machanga akasimamisha mtumbwi, akakunyoshea mikono yote miwili, naye ndiye aliyekushusha.

"Ukikua," akakuambia, "usije kwenye wavu wangu. Na ukija, njoo kwenye ule wa pembeni, uliokwisha kuchanika."

Hukugeuka. Nani alikudai kugeuka? Ulipiga miguu mara mbili, ukajichimbia chini, na pale ulipoingia tope jembamba likapanda ndani ya maji, likatanda, likazunguka, likaanza kutua. Mizhir aliuacha mkono wake majini. Nyuma yetu nyati walikuwa wamezama hadi shingoni, wakipumua kwa raha.

Tukakaa pale, hatukuwa na haraka, mpaka maji yakawa maangavu na hatukuona tena ulipopitia.