Kilele Kwenye Maji ya Chumvi

Maabara nzima ilimwita Mama Mizani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima uzito wa protini. Hakuwa na ugomvi na shemeji yake. Alikuwa na shaka tu, na shaka haimpi mtu usingizi. Yeye ndiye aliyempigia debe mdogo huyo wa mumewe apewe kazi pale. Akibainika mdanganyifu, aibu ni ya wote wawili.

Kisa kilikuwa chumvi. Protini ikipimwa ndani ya maji ya chumvi, chumvi huigandama, na mchoro wa mashine huwa kilima kinene kisicho na maana. Ndiyo maana Mama Mizani huiosha kwanza, chumvi itoke. Shemeji anadai haoshi, na bado anatoa vilele vyembamba, safi. Halafu hufunga mlango anapotengeneza sindano zake za kioo, zile zinazorusha matone ya sampuli ndani ya mashine. Mwenye nia njema anafunga mlango wa nini? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia.

Siku hiyo akachanganya sampuli mwenyewe, chumvi tele, akajibanza karibu naye.

"Leo sibandui macho."

"Nilinde tu, shemeji. Kaka anakulipa?" Akacheka, akafunga mlango. "Upepo kidogo tu, kioo kinapinda. Tundu la sindano likiwa dogo sana, kila tone linabeba protini na chumvi kiduchu."

Maneno matamu hayo, aliwaza Mama Mizani. Sindano ilipokamilika, shemeji akaufungua mlango, akapima.

Kilele kikatoka safi. Mama Mizani akausoma uzito, moyo ukamruka kwa furaha mbaya.

"Umeumbuka! Huu ni mara mbili ya uzito wake. Protini hii hukaa peke yake, nilithibitisha mimi!" Na ugunduzi huo ndio uliompa ukuu wa maabara.

Shemeji akachukua sampuli ileile, akaiosha kama Mama Mizani anavyoosha, akaipima tena. Uzito ukawa nusu.

"Ziko mbili, zimeshikana," alisema taratibu. "Chumvi ndiyo inazishikilia. Tukiosha, zinaachana."

Miaka yote Mama Mizani amekuwa akizitenganisha mwenyewe, kisha anatangaza kuwa hazijuani.

Kutoka koridoni zikasikika sauti za wenzao wakirudi. Mama Mizani alijikuta ameshainuka na kuufunga mlango kwa ufunguo. Alipogeuka, shemeji alikuwa akimtazama, na jicho lile alilijua. Ndilo lilelile la shaka yeye mwenyewe alilomtazama nalo shemeji wiki nzima.